SOMO: INVETA KAZINI – Kugeuza Umeme wa Betri bila Kuupoteza na bila Kuua Mtu



Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3 kwenda Rumonge, ukapita Gitaza na vijiji vingine vya Muhuta, kuliani kwako ni Ziwa Tanganyika na kushotoni ni milima. Katikati ni sisi, tunaoishi kwa samaki, mihogo, michikichi na kazi za mshahara. Umeme wa REGIDESO haufiki kila mahali, na unapofika hukatika. Jenereta nayo inataka mazuti, na miaka hii Warundi wote tumejifunza maana ya foleni ya mafuta.

Kwa sababu hiyo betri na mabamba ya jua yameingia katika maghala, karakana, ofisi za mashamba na vinu vya mawese. Mwajiri hununua betri mbili, hununua na boksi la bati liitwalo inveta, ambalo wengine huliita onduleri. Hufunga waya, kisha husema, “Umeme upo, kazi iendelee.”

Chombo hiki ni kizuri, wala hatukikatai. Lakini ni nani aliyepiga hesabu ya waya? Fyuzi iko wapi? Siku boksi likiungua, mkono wa nani utakuwa karibu? Maswali haya si ya fundi peke yake. Mfanyakazi anayeshika mashine ana haki ya kuelewa umeme unaoiendesha. Somo hili halitamfanya mtu kuwa fundi, ila litampa macho ya kuona kazi iliyofanywa vizuri na iliyofanywa ovyo.

1. UMEME WA NAMNA MBILI

Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, kama maji ya mto. Huo tunauita umeme mnyoofu. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ni ya volti 12. Ikijaa na kupumzika husimama karibu na volti 12.7, na ikifika nusu huwa kama 12.2.

Umeme wa REGIDESO huenda na kurudi, kama msumeno wa watu wawili. Huo ni umeme geu. Kwetu una volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Mashine nyingi, friji, feni na mota zimetengenezwa kwa umeme huo.

Kazi ya inveta ni kuchukua volti 12 zinazokwenda upande mmoja na kutoa volti 230 zinazokwenda na kurudi. Tukumbuke basi tangu mwanzo: upande mmoja wa boksi ni betri isiyomtisha mtu, na upande wa pili ni umeme unaoua sawasawa na ule wa nguzo. Kusema “ni betri tu” ni kosa. Moyo wa binadamu hauulizi volti 230 zimetoka kwenye maporomoko ya maji au kwenye betri.

2. NDANI YA BOKSI

Fikiri mfereji wa maji wenye milango minne. Ukifungua milango miwili ya mshazari, maji hupita shambani kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiifunga na kufungua ile mingine miwili, maji hupita kutoka kulia kwenda kushoto. Mto haukugeuka, ila shamba limepata maji ya kwenda na kurudi. Ndivyo inveta inavyofanya. Milango yake ni transista, na saketi ndogo ya kupiga mdundo huziamuru zifunguke na kufungwa kwa zamu.

Volti 12 huongezwa na transfoma. Waya wake wa kwanza una mizunguko michache na wa pili una mizunguko mingi, kama mara ishirini. Inveta nyingi za siku hizi hufanya kwa hatua mbili. Kwanza hupandisha volti kwa transfoma ndogo yenye mdundo wa haraka sana mpaka zaidi ya volti 300 za umeme mnyoofu, kisha milango minne huugeuza kuwa umeme geu wa volti 230. Kwa nini zaidi ya 300? Kwa sababu volti 230 ni kipimo cha nguvu ya kazi, lakini kilele cha wimbi hufika kama 325.

Mambo mawili yatakuonyesha kama mtengenezaji alifanya kazi yake.

La kwanza ni sura ya wimbi. Inveta ya bei ndogo hutoa wimbi la ngazi: linaruka juu, linasimama, linaruka chini. Baadhi ya taa na chaja hazijali. Lakini mota na transfoma zikilishwa wimbi hilo hunguruma na kupata joto zaidi. Inveta ya wimbi laini hufungua na kufunga milango yake maelfu ya mara kwa sekunde, kisha huchuja, na wimbi hutoka kama la REGIDESO. Penye mota au friji, ni hiyo ya wimbi laini inayotakiwa.

La pili ni muda wa kungoja. Milango miwili ya upande mmoja ikifunguka pamoja, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, umeme hupita moja kwa moja bila kufanya kazi. Hiyo ni shoti, na transista hupasuka. Saketi nzuri hufunga mlango wa kwanza, hungoja kidogo, ndipo hufungua wa pili. Wachukuzi wa magunia katika mlango mwembamba wanaelewa jambo hili: anayetoka atoke kwanza, ndipo anayeingia aingie.

3. HESABU YA AMPEA

Kanuni ni moja tu: wati ni volti mara ampea. Tuchukue mfano wa vifaa vinavyotaka wati 600.

Upande wa volti 230 ni hesabu ndogo: 600 kugawanya kwa 230 ni kama ampea 2.6. Waya mwembamba unatosha.

Upande wa betri mambo hubadilika. Inveta haitoi yote iliyopewa. Tuseme ufanisi wake ni 85 kwa 100. Ili itoe wati 600, betri lazima itoe kama wati 706. Zile wati 106 zimekuwa joto ndani ya boksi. Sasa 706 kugawanya kwa 12 ni karibu ampea 59. Ndizo zinazopita katika waya kati ya betri na inveta. Hapa ndipo vibarua wa umeme hukosea, maana waya uliotosha kwenye taa huutumia pia kwenye betri.

Tupime. Betri na inveta zikiachana mita moja na nusu, kwenda na kurudi ni mita 3 za shaba. Ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, ampea 59 zitapoteza ndani yake volti 1.2 na kutoa joto la wati zaidi ya 70. Waya huo haukuumbwa kwa mzigo huo. Plastiki italainika, kisha itawaka. Ukitumia waya wa milimita 25 za mraba, unapoteza kiasi cha volti 0.12 tu, na joto halifiki wati 8.

Zile volti 1.2 zina hila nyingine. Betri bado ina volti 12, lakini inveta inaona 10.8 na kudhani betri inakaribia kwisha. Mwajiri ananunua betri mpya, kumbe ugonjwa uko kwenye waya.

Betri mbili zikifungwa kwa mfuatano ziwe volti 24, ampea hushuka mpaka kama 29. Ampea zikipungua nusu, joto katika waya uleule hupungua mpaka robo. Kwa hiyo kwa mzigo mkubwa, inveta ya volti 24 au 48 hushinda ya 12. Lakini inveta yenyewe iwe imetengenezwa kwa volti hizo, maana ya volti 12 ikipewa 24 huungua.

4. UMEME UNAPOTEA WAPI?

Mbali na waya, umeme hupotea katika njia nyingine tatu.

Kwanza, ndani ya transista. Hata transista iliyofunguka ina upinzani mdogo. Tuseme ni omu 0.008. Kwa ampea 59, hiyo moja hupoteza karibu wati 28. Mtengenezaji mwema huweka nne sambamba, zigawane mzigo, na hasara huwa wati 7. Umoja huo ndio unaozifanya zidumu. Kisha huzifunga kwenye bati nene la alumini lenye mapezi, na feni huondoa joto. Ukifunika boksi kwa magunia, umeua kazi yake yote.

Pili, wakati wa kukaa bure. Inveta iliyowashwa hula hata kama hakuna kinachofanya kazi. Ikila wati 10 usiku na mchana, ni wati-saa 240, yaani kama ampea-saa 20 za betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 100 haifai kunywewa zaidi ya nusu kila siku ikiwa tunataka idumu, kwa hiyo tuna 50 tu. Ishirini zimeliwa na boksi lisilofanya kitu! Zima inveta isipotumika.

Tatu, kugeuza pasipo haja. Wavuvi wa ziwa letu wanaovua ndagala usiku wametupa mfano mwema. Wengi waliacha taa za mafuta wakachukua betri na taa za LED. Taa hizo zikiwa za volti 12 hufungwa kwenye betri moja kwa moja, bila inveta. Hakuna hasara ya kugeuza, wala hakuna volti 230 ndani ya mtumbwi wenye maji. Kazini pia, taa za mlinzi na za ghala zaweza kuwa za volti 12. Inveta iachiwe mashine zinazoihitaji kweli.

5. KINGA SABA

Ufanisi ni fedha ya mwajiri. Kinga ni uhai wetu. Tuzihesabu.

(a) Fyuzi karibu na betri. Iwe kwenye waya wa chanya, isizidi shibiri moja kutoka kwenye betri. Betri ikipigwa shoti huweza kutoa mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua, hata zaidi. Spana au pete iliyogusa ncha zote mbili huwa nyekundu kwa joto, kwa hiyo vua pete kabla ya kazi hiyo. Fyuzi iwe kubwa kuliko ampea za kazi na ndogo kuliko zile waya unazoweza kubeba. Kwa ampea zetu 59, fyuzi ya 80 kwenye waya wa milimita 25 inafaa. Tena iwe imeandikwa kwamba ni ya umeme mnyoofu. Umeme geu hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme mnyoofu haupumziki, na cheche yake huendelea kuwaka ndani ya swichi isiyo yake. Asije mtu akaweka msumari mahali pa fyuzi.

(b) Kujizima betri inapoishiwa. Betri ya volti 12 ikishuka chini ya 10.5 ikiwa na mzigo, inveta ijizime yenyewe. Bila hivyo betri hufa kabla ya wakati wake.

(c) Kujizima mzigo unapozidi. Mota inapoanza huvuta mara tatu mpaka saba ya kawaida yake. Friji ya wati 100 yaweza kudai 600 kwa nukta chache. Inveta iweze kustahimili mvuto huo mfupi, lakini mzigo ukiendelea kuzidi, au shoti ikitokea, ikate mara moja.

(d) Kujizima kwa joto. Kipimo cha joto kikae kwenye bati la alumini, kikate kabla transista hazijaungua.

(e) Kinga ya waya kupinduliwa. Siku moja mtu atafunga chanya kwenye hasi. Mtengenezaji ajue hivyo, aweke kinga.

(f) Waya wa ardhini na swichi ya kukamata umeme unaovuja. Kinu cha mawese kina maji na mafuta sakafuni, kina mvuke, na wengine tunafanya kazi miguu mitupu. Swichi ya miliampea 30 hukata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu. Lakini tahadhari! Katika inveta nyingi swichi hiyo haifanyi kazi mpaka waya mmoja wa matokeo, ule wa nyutro, uungwe na ardhi mahali pamoja. Ziko pia inveta ambazo ukiunga hivyo zinaharibika. Kwa hiyo fundi asome karatasi ya mtengenezaji, kisha abonyeze kitufe cha majaribio mbele yenu. Isipokata, kinga haipo.

(g) Boksi lisifunguliwe ovyo. Ndani yake kuna kapasita zinazoshika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima na kuondoa betri. Afungue fundi, baada ya kungoja na kupima.

Betri nazo zina shauri lao. Zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nyepesi na yenye kulipuka. Ziwekwe mbali na moto wa kuchemshia ngazi, penye tundu la hewa juu ya ukuta. Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha apelekwe kwa mganga. Tena ziwekwe juu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia majumbani kandokando ya ziwa. Asiseme mtu kwamba hakujua.

6. NDUGU YETU ALIYE JUU YA NGUZO

Penye umeme wa REGIDESO na inveta pamoja, kuna hatari ambayo haimpati aliyeifanya. Umeme wa REGIDESO unakatika. Mtu anachukua waya wa inveta au jenereta na kuuchomeka katika soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo hautaishia ukutani. Unatoka kupitia mita, unafika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ile iliyokuwa ikishusha maelfu ya volti kuwa 230, sasa inapandisha 230 kuwa maelfu. Huko juu yupo mfanyakazi mwenzetu anayetengeneza laini, akiamini kwamba imekufa.

Dawa yake ni swichi ya kubadilisha njia, yenye nafasi tatu: REGIDESO, sifuri, inveta. Kwa umbo lake haiwezi kushika pande mbili kwa wakati mmoja. Kinga hii hailindi mali tu. Inalinda mfanyakazi tusiyemjua jina. Chama kikiwa na maana yoyote, maana yake ni hiyo.

7. TUDAI NINI?

Mwajiri atasema kinga ni gharama. Tumjibu kwa hesabu tuliyojifunza: waya mwembamba unamla umeme kila siku, na betri inayokaushwa hununuliwa tena mapema. Saketi iliyopangwa vizuri huokoa fedha yake na vidole vyetu kwa pamoja.

Tena tuna haki. Mwezi wa Juni 2022 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, uliingiza mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini, haki ambazo nchi wanachama wote wanatakiwa kuziheshimu. Na Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za haki, alindwe asionewe kwa kufanya hivyo.

Mjumbe wa tawi aombe mambo manne. Kwanza, karatasi inayoonyesha mzigo kwa wati, ampea za betri, unene wa waya na ukubwa wa fyuzi. Pili, fundi aliyefunga aandike jina lake na tarehe. Tatu, kitufe cha swichi ya mvujo kijaribiwe kila mwezi mbele ya wafanyakazi. Nne, volti zipimwe mashine ikifanya kazi, kwanza kwenye ncha za betri, kisha kwenye ncha za inveta. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au viungo vimelegea, na kazi isimame mpaka virekebishwe.

Asiende mmoja peke yake kuomba haya. Mtu mmoja huitwa mkorofi. Tawi zima likienda na karatasi ya hesabu mkononi, litasikilizwa.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Vifaa vya kazini kwetu vinataka wati 900. Ufanisi wa inveta ni 85 kwa 100. Betri ya volti 12 itatoa ampea ngapi? Na ikiwa ni volti 24 je?
2. Fyuzi ya betri kazini kwetu iko wapi? Ni ya ampea ngapi? Imeandikwa umeme wa namna gani?
3. Ni taa zipi zinazoweza kufungwa kwenye betri bila inveta?
4. Umeme wa REGIDESO ukikatika, nini kinazuia umeme wetu usiende nguzoni?

Majibu ya swali la kwanza: ampea 88, na ampea 44. Majibu ya maswali mengine hayamo katika gazeti hili. Yako ukutani, kazini kwenu. Nendeni mkayatazame pamoja.